Nyumba Tulizozifundisha Uongo

Paa liliondoka lote kwa mara moja, kama mgeni aliyekumbuka kuwa ana safari. Halikupiga kelele sana. Nilisikia misumari ikichomoka kwenye mbao, tik, tik, tik, kama mtu anayejivunja vidole, halafu mwanga na vumbi vikatumwagikia kutoka juu, na mahali pa mabati mapya nikaona mbingu. Tulikuwa wanawake wengi tumejazana mle ndani na shanga zetu za kupokea wageni. Mke mwenzangu alikuwa ameegemea ukuta wa upande wa laga, ule mto wetu mkavu. Alitazama juu akasema, "Haya sasa, kofia yao imeenda."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho hapa duniani, na yalikuwa mzaha.

Kumbe ukuta ule ulikuwa unashikwa na paa, na paa lilikuwa linashikwa na ukuta, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kimeshika ardhi. Paa lilipoondoka, ukuta uliinama taratibu, kama mlevi anayetafuta pa kukaa, ukamlalia. Uliponifikia mimi ulikuwa umeshachoka. Ulichukua mkono wangu wa kushoto tu. Vumbi lilipopungua niliona bangili zake za shaba kati ya matofali, na mkono uliokuwa ndani ya zile bangili haukuwa unatafuta kitu.

Watu wakisimulia mambo haya husema tulikimbilia ndani kwa sababu ya hofu, wanawake na ujinga wao. Sikubali. Hatukukimbilia. Tuliingizwa. Chifu wetu alisimama mlangoni, akaushika mlango wazi kwa mkono wake mwenyewe, akatuita mmoja mmoja kama anayeingiza mbuzi zizini. Nitafika hapo. Kwanza nieleze nyumba, kwa maana kesi yote ni ya nyumba.

Sisi tunakaa pembeni mwa mji wa Kakuma, ng'ambo ya laga, upande usio wa kambi ya wakimbizi. Tunaitwa wenyeji. Mwenyeji ni mtu ambaye mradi unamfikia ukiwa umeshapita kwingine kote na umechoka. Kila mwanamke kwetu hujijengea akai yake, nyumba ya mviringo ya matawi yaliyopindwa na kufungwa, ikavikwa majani ya mkoma. Mwanamume hana nyumba, ana mifugo. Nyumba ni ya mwanamke, na ukitaka kujua tabia yake tazama alivyofunga vifundo.

Yangu ilikuwa mbaya. Sioni haya kusema. Sikuwahi kuwa na subira ya kufunga, na shule nayo iliniacha darasa la tatu, kwa hiyo mikono yangu haikufundishwa kitu chochote mpaka mwisho. Mke mwenzangu, aliyeolewa baada yangu, alikuwa mtu wa kufunga. Alifunga, akafungua, akafunga tena. Wengine tulimaliza nyumba tukakaa kunywa chai, yeye bado yuko juu ya matawi, kamba mdomoni.

"Mkubwa," aliniita hivyo, "nyumba yako imeinama kama inatafuta kitu imeangusha."

"Na yako umeifunga kama unaogopa itatoroka."

"Itatoroka kwa nini? Ni kwa sababu imejua jirani yake ni wewe, ndiyo maana inashika ardhi."

Ndivyo tulivyoishi. Mume wetu alipokufa, watu walikaa wakingoja tugawane mbuzi tuachane, kila mtu na njia yake. Hatukuachana. Nadhani ni kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwa amemaliza kusema.

Halafu tukaletewa ukumbi. Ukumbi wa kina mama, pamanenti, ndivyo ilivyosemwa kwenye baraza, na neno hilo pamanenti lilisemwa mara nyingi kuliko jina la Mungu. Mkandarasi alitoka Lodwar, mtu mwenye viatu safi na miwani ya jua, na alikuwa shemeji ya chifu, jambo ambalo lilikuwa bahati tu, kama bahati zingine zote za nchi hii. Waliujenga karibu kabisa na nyumba ya mke mwenzangu. Yeye alipenda kwenda kuwatazama. Siku walipopandisha paa alimuuliza fundi, "Hapo juu mnafunga na nini?"

"Mama, hii si ya kufunga kama hizo zenu. Hii ni misumari. Pamanenti."

Akarudi anacheka. "Wamelaza paa juu ya ukuta kama kofia ya mzee aliyelala."

Hakusema hivyo kama mtu anayejua sana. Alikuwa anapenda tu kucheka, na kesho yake alirudi kwa fundi yule yule kuomba vipande vya mbao vya kuchemshia chai. Akanyimwa.

Siku ya ufunguzi tuliambiwa tuje mapema tuimbe. Wageni walikuwa wanatoka Lodwar, na mgeni wa Lodwar huja mapema kwa saa yake mwenyewe. Viti vya ndani vilikuwa vyao, kwa hiyo sisi tulisimama nje, jua likatupika. Ndipo tukaiona chamchela ikitoka upande wa tambarare. Chamchela tunazijua, huku zinatembea kama watu. Hii ilikuwa nene kuliko za kila siku, imebeba vijiti na makaratasi na kuku wa mtu. Tukafanya tulivyofundishwa na mama zetu: ukiiona, chuchumaa, jifunike shuka, shika ardhi, ingoje ikupite.

Chifu alikasirika. Alikuwa amevaa kaki yake iliyopigwa pasi na kijiti chini ya kwapa.

"Mnachuchumaa chini kama kuku! Wageni wakija sasa watasema nini? Ingieni ndani! Leo mna nyumba ya pamanenti!"

Mke mwenzangu aliinuka, akaonyesha kwa mdomo. "Chifu, mimi nyumba yangu ni ile pale. Naingia huko."

"Kwenye majani? Leo? Mama, usiniaibishe. Ingia hapa."

Aliingia. Alisema vile kwa upole, chifu, na upole wa serikali ni mgumu kuukataa kuliko kiboko. Mimi nikamfuata mwenzangu. Tulipokwisha kujaa, chifu aliufunga mlango, akakimbia, akaingia kwenye gari la mkandarasi. Gari halikuwa pamanenti, lakini lilikuwa limefungwa vizuri.

Yaliyofuata mmeshayasoma pale juu.

Mimi nilipelekwa hospitali ya hapa, halafu Lodwar. Nilirudi mkono umekunjwa kama bawa la kuku na haujakunjuka mpaka leo. Nilikosa mazishi. Nilipofika nyumbani, nilikuta mahali petu pamekuwa safi kama siku ya Krismasi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kwetu mwanamke halali nyumba yake ikiwa imelala. Upepo ukiiangusha mchana, jioni anaisimamisha, hata kama amefiwa, hata kama analia, anafunga huku analia. Siku ile chamchela iliangusha nyumba kadhaa, zile zilizofungwa kivivu. Yangu ilikuwa ya kwanza. Kabla jua halijazama zote zilikuwa zimesimama, na hata yangu ilisimamishwa na majirani, wakaifunga vizuri kuliko nilivyowahi kuifunga mimi, jambo lililoniudhi. Ya mke mwenzangu haikuwa na haja ya kusimamishwa. Haikuanguka. Haikupoteza jani.

Halafu chifu akatangaza kuwa watu wa kupima upepo watakuja, na mgeni hapokelewi kwenye takataka. Basi watu wakasafisha. Matofali yalibebwa yakamwagwa laga. Mabati yaliokotwa mpaka mbali, leo utayaona kwenye mazizi ya mbuzi, kwenye kibanda cha mama wa chapati, kwenye choo cha kanisa. Na mbao zikawa kuni. Naambiwa ndizo zilizochemsha chai ya matanga ya mwenzangu. Alizipata mwishowe.

Mpimaji alikuja na gari la kaunti. Alikuwa mtu wa Kenya, maana huku ukivuka Kapenguria kwenda chini tunasema umeenda Kenya. Mtu mzima mwenye sauti ya chini. Alikuwa amejifunza salamu njiani.

"Ejok."

"Ejok-noi," nikamwambia. "Ni wewe umekuja kupima upepo?"

"Ndiyo, mama."

"Umechelewa. Ulishapita."

Akacheka, akakaa juu ya mtungi wangu wa plastiki, akanieleza vizuri. Sitasema alinidharau, hakunidharau. "Upepo haupimwi ukiwa unapita, mama. Mashine ya kuupima hapa hamna, na hata ingekuwepo ingebebwa. Kwa hiyo ukishapita tunaziuliza nyumba. Nyumba ikipoteza mabati machache, upepo ulikuwa mdogo. Ikipoteza paa lote, ulikuwa na nguvu. Kuta zikilala, nguvu nyingi. Nyumba ikitoweka na kubaki sakafu, hapo sasa ni kimbunga chenyewe."

"Na ikitoweka mtu?"

Akatazama karatasi zake. "Mtu hayuko kwenye hii."

Akanionyesha picha zake. Nyumba za matofali zenye bomba la moshi, shule kama za wazungu, miti minene kama tangi la maji, gari limelala kichwa chini. Chini ya kila picha, namba ya upepo.

"Yetu ni ipi hapo?"

Alitafuta kwa uaminifu. Alifunua mbele, akafunua nyuma. "Yenu haiko. Lakini kuna hii inakaribiana." Akaweka kidole kwenye kibanda cha mbao. Nikamuuliza ni nyumba ya nani. Akasema si ya mtu, ni ya kuwekea majembe. Basi nikajua maisha yangu yote nimelala kwenye stoo ya majembe, na sisi hata hatulimi.

Akazunguka. Chifu na mkandarasi walimfuata kama harusi. Kila nyumba aliyoitazama ilikuwa imesimama. Aliporudi aliongea na hao wawili, nami nilikuwa nimekaa pale pale, masikio hayakuvunjika.

"Kama hizi nyumba nyepesi zimesimama," alisema, "huo upepo haukuwa mkubwa. Na kama upepo haukuwa mkubwa, paa la ukumbi halikupaswa kwenda. Basi kosa ni la jengo."

Mkandarasi alivua miwani yake, akaipangusa, akaivaa tena. Ilikuwa mara ya kwanza kuona macho yake. Ni macho ya kawaida.

Sasa ningeweza kunyamaza. Maneno yalikuwa yanaenda ninakotaka. Lakini sikutaka mwenzangu atetewe kwa nusu ya habari, nikamwambia, "Mpimaji, zingine zilianguka. Tulizisimamisha jioni ile ile. Hii yangu ilianguka."

"Yako huwa inaangukaga?"

"Hata mbuzi akijikunia."

Akacheka, akaandika. "Na ile pale, karibu na ukumbi?"

"Ya mwenzangu aliyekufa. Haikuguswa."

Akaenda mwenyewe. Aliishika, akaitikisa, halafu akaweka bega lake na kuisukuma mpaka viatu vyake vikachimba mchanga. Nyumba ikakaa kimya. Akapiga picha. Alipoondoka aliniambia pole, na ilikuwa pole ya mtu, si ya ofisi. Nikaingia kwenye nyumba ya mwenzangu, nikakaa kwenye ngozi yake ya kulalia, nikamwambia kwa sauti, "Wewe mdogo, vifundo vyako vimekuwa shahidi." Ndiyo siku niliyolala vizuri.

Sikujua bado kwamba nyumba nazo zinaweza kuitwa barazani.

Chifu alituita. Hakupiga kelele, aliongea kama baba. "Kina mama, huyu mpimaji anaenda kuandika upepo mdogo. Mnajua maana yake? Upepo mkubwa ni janga. Janga lina msaada: maturubai, unga, mafuta. Upepo mdogo si janga. Upepo mdogo una uchunguzi tu." Akatutazama. "Sasa mniambie wenyewe. Mnataka unga ama mnataka uchunguzi?"

Bibi mmoja mzee aliyekaa mbele akauliza, "Uchunguzi unapikwa na nini?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hata mimi nilicheka, nitadanganya nini. Mvua ilikuwa haijanyesha, mbuzi wamekonda, maziwa hakuna. Nilisimama nikasema mwenzangu amekufa na mpimaji ameshasema kosa ni la jengo. Chifu akasema, "Pole, mama, sote tunaomboleza. Lakini marehemu hali." Nikakaa.

Akasema ameshaomba mpimaji arudi, kwa sababu alichoona si hali ya siku ile. "Tunarudisha ukweli tu," alisema. "Zilianguka, si zilianguka? Basi zirudisheni zilivyokuwa."

Hapo ndipo wanawake wa kwetu, ambao hawalali nyumba ikiwa imelala, walianza kuziangusha. Zilizokuwa zimeanguka siku ile ziliangushwa. Zilizokuwa hazijaanguka ziliangushwa pia, kwa sababu nani anataka jirani apate turubai yeye akose? Jirani yangu aliangusha yake mara mbili. Mara ya kwanza ililala vibaya, haikuonekana kama kazi ya upepo. Mwingine alitupa sufuria zake huku na huku, halafu akarudi kuigeuza moja, haikumridhisha. Kama mashindano ya shule. Yangu mimi sikuigusa. Ilianguka yenyewe baada ya kusikia habari.

Siwalaumu wanawake. Mwenye watoto wanaolia hapewi maswali ya haki. Namlaumu aliyewauliza swali lile, akijua jibu.

Ikabaki moja. Chifu alikuja na vijana wake wa mtaa. Nilikuwa nimekaa mlangoni, mlango wa akai ni wa kuinama, mtu mmoja akikaa pale umefungwa.

"Mama," akasema, "hii ya marehemu inatuharibia."

"Inawaharibia nini? Haijasema kitu."

"Ndiyo hiyo inasimama."

"Ilifundishwa kusimama. Mwenyewe amelala, haiwezi kuambiwa vingine."

"Usifanye mchezo. Watu watakosa chakula kwa sababu ya nyumba moja ambayo haina mtu?"

"Ina mtu. Mimi ni nani?" Nikamwonyesha mkono wangu uliokunjika. "Huu mmeshauvunja, wa kuvunja umebaki mmoja. Anzieni hapa."

Vijana wakatazama chini. Wawili kati yao mke mwenzangu aliwahi kuwanyonyesha mama yao alipougua. Chifu akafikiri kidogo, akapiga kijiti chake kwenye suruali. "Acheni," akasema. "Moja haina shida."

Na kweli, alikuwa mtu anayejua kazi yake. Moja haikuwa na shida.

Mpimaji alirudi. Aliposhuka garini alisimama muda mrefu. Nyumba zote chini, sufuria kila mahali, wanawake wamekaa na nyuso za msiba, wengine walikuwa wamezifanyia mazoezi.

"Chifu, hizi si zilikuwa zimesimama?"

"Upepo ulirudi, mkubwa."

"Ulirudi?"

"Huku hurudi."

Alimtazama chifu, akamtazama mkandarasi, halafu akanitazama mimi mlangoni kwa mwenzangu. Nilijua kwamba anajua. Mtu aliyeweka bega lake kwenye nyumba hawezi kuisahau.

"Na ile?" akauliza.

Mkandarasi akajibu haraka, "Hiyo ni bahati. Upepo wa kuzunguka huruka. Unachukua hapa, unaacha hapa."

"Ni kweli," mpimaji akasema polepole. "Huruka."

"Wewe uliisukuma," nikamwambia. "Ulisema nyumba ndizo huulizwa. Mimi nimeketi na moja. Iulize."

Akaja karibu, akachuchumaa mbele yangu, akashusha sauti. "Mama, nyumba moja haiwezi kushinda nyumba zote. Mimi naandika nilichokuta."

"Mara ya kwanza ulikuta nini?"

Akainuka, akapangusa magoti, akaandika alichokuta mara ya pili. Picha ya mara ya kwanza sijui ilienda wapi. Labda nayo iliruka.

Nikaenda Lodwar kusomewa ripoti yake. Benchi ya pale ofisini naijua kuliko ndugu zangu. Siku moja karani mwanamke alinihurumia, akachukua ripoti, akasoma kwa Kiingereza kimoyomoyo, halafu akanitafsiria: upepo ulikuwa na nguvu nyingi sana, ushahidi ni nyumba zote kuanguka na paa la ukumbi kuondoka. Hakuna jengo ambalo lingeweza kusimama. Ni tendo la Mungu.

"Soma tena hapo."

"Wapi, mama?"

"Hakuna jengo ambalo nini?"

"Lingeweza kusimama."

"Mimi nimelala ndani yake jana."

Alifunga ripoti. Nikamuuliza paa liliondoka kwa nini. Akasema kwa sababu upepo ulikuwa mkubwa. Nikamuuliza wamejuaje ulikuwa mkubwa. Akasema kwa sababu paa liliondoka. Tulitazamana. Alikuwa mwerevu, aliona nilichoona, lakini alikuwa na kazi na watoto.

"Kwa hiyo mwenzangu aliuawa na Mungu."

"Si hivyo, mama. Hiyo ni lugha tu ya ofisi."

"Mungu ameambiwa?"

Niliporudi nilimweleza katekista wetu kwamba Mungu ametajwa kwenye kesi. Akavua kofia, akakuna kichwa. "Na hajaitwa kujitetea?" Nikamwambia hata mimi sijaitwa. Akasema, "Basi mko wawili."

Msaada ulikuja, siwezi kusema haukuja. Unga ulifika, ukapikwa, ukaisha. Maturubai yalifika machache, yakaanzia kwa watu wa karibu na chifu, na chamchela iliyofuata ikayachukua ikayapeleka laga, ambako yalikutana na matofali ya ukumbi. Wanawake walisimamisha nyumba zao tena kwa matawi yale yale. Nimehamia moja kwa moja kwenye nyumba ya mwenzangu. Kila nikilala natazama juu, naona vifundo vyake, na namwona mdomo umejaa kamba, hawezi kunijibu.

Na sasa wanajenga. Ukumbi mpya, pale pale. Mkandarasi yule yule, kwa sababu ripoti imesema hakuwa na kosa, na mtu asiye na kosa unamnyimaje kazi? Nimeenda kutazama paa. Nikamuuliza fundi mnafunga na nini hapo juu. Amesema misumari, mama. Wiki hii chifu amepita akisema wanawake watoe shanga, kuna wageni, tutaimba.

Basi kabla sijaimba naomba kujibiwa, na naandika hapa kwa sababu benchi nimeikalia imechoka. Wewe mkandarasi, ulilifunga paa lile na nini? Usiniambie upepo, nimekuuliza kamba. Wewe mpimaji, mtu mzima, uliyesema pole kama mtu, ulikuta nini mara ya kwanza, na kwa nini kilichoanguka baada yako kiliandikwa na kilichosimama mbele yako hakikuandikwa? Na wewe chifu. Wewe ulishika mlango. Alikuambia nyumba yangu ni ile pale, naingia huko. Ulimsikia, kwa sababu ulimjibu. Ile nyumba bado imesimama, unapita mbele yake kila siku, na kila siku unageuza uso.

Mungu msimtaje, hakuwa mlangoni. Nani kati yenu watatu anajibu?